Mwindaji na Sare: Kuhamisha Hadithi ya Mnyonyadamu hadi Mchezo wa Vita wa Mezani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kuzoea kuichunguza kazi inapohamishwa kutoka ngano hadi tamthilia, au kutoka riwaya hadi filamu. Haujazoea kuichunguza inapohamishwa hadi mchezo wenye kanuni, kete na mshindi. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Yanachunguza yanayoipata hadithi ya kutisha, na hasa hadithi ya kumwinda mnyonyadamu, inapoingizwa katika mchezo wa vita wa mezani unaoigiza majeshi ya karne ya kumi na nane. Kisha yanauliza iwapo uhamishaji wa namna hiyo unaweza kufanywa kwa hadithi yetu ya mumiani, katika mandhari ya bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, bila ya hadithi hiyo kupotezwa maana yake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, tueleze kwa ufupi. Wachezaji hupanga mezani sanamu ndogo za askari, zilizotengenezwa kwa madini au plastiki na kupakwa rangi. Hupima mwendo wa kila kikosi kwa rula au utepe, na matokeo ya kila shambulio huamuliwa kwa kutupa dadu. Mchezo huu una historia ndefu. Mwaka 1780 Johann Hellwig wa Brunswick alichapisha mchezo wa vita uliojengwa juu ya msingi wa sataranji. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alitoa mchezo wa kuwafunza maafisa wenzake, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akaandika kitabu cha kanuni za vita vya vijisanamu nyumbani. Karne ya kumi na nane inapendwa na wachezaji wa aina hii kwa sababu askari wake walivaa makoti ya rangi zinazoonekana kwa mbali na kusimama kwa safu zilizonyooka. Wapo pia wachezaji ambao, baada ya kuchoshwa na vita vya kawaida, wamewaingiza wafu wanaofufuka na wanyonyadamu mbele ya safu hizo.

Hoja yetu ni kwamba katika uhamishaji huu jambo la msingi si karne wala mavazi. La msingi ni swali la nani anazijua kanuni za uovu uliopo. Hadithi ya Ulaya humpa mwindaji kanuni hizo, na kwa hiyo huhamia mezani kwa urahisi. Hadithi ya mumiani humnyima mtu wa kawaida kanuni hizo, na kunyimwa huko ndiko maudhui yake. Anayeihamisha hadithi hii hadi mchezoni bila ya kulijali hilo ataleta uwindaji mahali ambapo hadithi yenyewe haikuuweka, na tutaonyesha kwamba uwindaji wa aina hiyo una madhara nje ya meza.

2.0 Mnyonyadamu wa Ulaya na daftari la jeshi

Msomaji anaweza kudhani kwamba kumkabili mnyonyadamu kwa askari wenye bunduki za gumegume ni mzaha wa wabunifu. Sivyo. Karne ya kumi na nane ndiyo karne yake hasa. Kwa mkataba wa Passarowitz wa mwaka 1718, sehemu ya kaskazini ya Serbia iliwekwa chini ya utawala wa Habsburg, ukabaki huko hadi 1739. Katika muda huo mfupi maafisa wa utawala huo walikutana na imani za wanavijiji wa mpakani, wakaziandikia ripoti. Mwaka 1725 gazeti la Vienna lilichapisha taarifa ya afisa kuhusu Petar Blagojević wa kijiji cha Kisiljevo, ambaye ilidaiwa kwamba alikuwa akitoka kaburini na kuwaua majirani zake. Mapema mwaka 1732 daktari wa kikosi, Johann Flückinger, alitumwa katika kijiji cha Medveđa, ambako vifo kadhaa vilihusishwa na marehemu Arnaut Pavle, mwanamgambo wa mpakani. Flückinger na wenzake walifukua makaburi, wakaipasua miili na kuichunguza, wakatia saini. Habari hizo zilienea katika magazeti ya Ulaya mwaka uo huo.

Kwa mhakiki, jambo la kuzingatia hapa ni fani ya ripoti hiyo. Kila maiti inaelezwa kwa utaratibu: jina, umri, muda iliokaa kaburini, hali ya viungo na ya damu, na mwishowe uamuzi. Ni fani ya daftari la jeshi. Hivyo mnyonyadamu aliyeingia katika fasihi andishi ya Ulaya alikuja akiwa amekwisha kuorodheshwa na mtu aliyevaa sare. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa, baada ya kupata maoni ya daktari wake Gerard van Swieten, alipiga marufuku ufukuaji wa makaburi wa namna hiyo. Dola iliyokuwa imemwandika mnyonyadamu ndiyo iliyomfuta, na mara zote mbili ilifanya hivyo kwa kalamu.

Fasihi ilirithi utaratibu huo. Katika *Carmilla* ya Sheridan Le Fanu (1872) mmoja wa wanaomsaka mnyonyadamu ni jenerali. Katika *Dracula* ya Bram Stoker (1897) riwaya nzima imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Wawindaji hawaanzi kumshinda Dracula kwa nguvu ya mikono. Wanaanza kumshinda pale nyaraka zao zinapokusanywa, kupigwa chapa na kupangwa kwa tarehe. Maarifa yakishapangwa, adui huwa na mipaka: ana anachokiogopa, ana asichoweza kukivuka, ana saa ambazo hana nguvu. Kwa maneno mengine, riwaya yenyewe ni kitabu cha kanuni.

Ndiyo maana uhamishaji wa hadithi hii hadi mchezoni umekuwa mwepisi. Mfano ulio wazi ni mchezo wa *Fury of Dracula* uliobuniwa na Stephen Hand na kutolewa na kampuni ya Games Workshop mwaka 1987. Humo mchezaji mmoja huwa Dracula na husafiri kwa siri katika ramani ya Ulaya, na wengine huwa wawindaji wanaofuata nyayo zake. Taharuki ya mchezo hutokana na kutojua yuko wapi. Hata hivyo hakuna mchezaji anayetilia shaka kwamba yuko. Shaka ni ya mahali tu. Kuwepo kwa mnyonyadamu na haki ya kumuua ni mambo yaliyokwisha kuamuliwa kabla ya mchezo kuanza.

3.0 Mumiani: sare iliyogeuka

Tunapovuka kuja pwani yetu, mambo yanageuka. Neno mumiani asili yake ni Kiajemi, nalo lilitaja dutu nyeusi inayofanana na lami iliyotumiwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson (1939) inaeleza maana hiyo, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini dutu hiyo ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwa mumiani ulipoenea mjini watu walijifungia majumbani baada ya jua kutua. Baadaye neno likahama kutoka dawa hadi kwa mtu anayeitafuta. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki watu hao waliitwa wazimamoto au wachinjachinja. Waliohusishwa nao walikuwa wafanyakazi wa zimamoto, wa hospitali, wa polisi na wa idara za wanyamapori. Walikuwa na magari, walikuwa na vifaa, na juu ya yote walikuwa na sare.

Watafiti wameliandikia sana jambo hili, akiwemo Peter Pels katika makala yake ya 1992 na Luise White katika kitabu chake cha mwaka 2000. White alishikilia kwamba mwanahistoria asikwame katika swali la iwapo mambo hayo yalitendeka, bali achunguze uvumi huo unasema nini kuhusu utawala wa kikoloni, kazi za mshahara na mwili wa Mwafrika. Msimamo huo una manufaa kwa mwanahistoria. Kwa mhakiki wa fasihi, lililobaki ni kuichunguza hadithi ya mumiani kama simulizi yenye muundo wake. Tunaona sifa tatu.

Kwanza, mnyonyadamu ndiye mwenye sare. Huko Medveđa mwenye sare alikuja kumfukua mnyonyadamu. Hapa mwenye sare ndiye anayekuja kuchukua damu. Pili, anayenyonywa hageuki kuwa mnyonyadamu. Huchukuliwa, damu yake hutolewa, nayo huwa bidhaa. Tatu, hadithi haitoi silaha. Hakuna kigingi, hakuna kitunguu saumu, hakuna maombi maalumu yanayomwangusha mumiani. Msikilizaji hufunzwa jambo moja tu: awahi nyumbani, asitembee peke yake, asiingie katika gari asilolijua.

Lugha yenyewe imeyahifadhi haya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, istilahi iliyoenea katika siasa za Tanzania kwa mtu anayeishi kwa jasho la wengine ilikuwa mnyonyaji, na wananchi walihimizwa kuikata mirija yake. Mnyonyadamu wa Kiswahili alikuwa amekwisha kuwa istilahi ya uchumi. Hata katika riwaya ya *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001), mfu anayerudi harudi kuwanyonya walio hai. Anarudi kumkabili mjukuu wake aliyejitenga na umma na kuishi kwa neema zisizowafikia wengine. Katika mapokeo haya mfu ni shahidi, na wa kuogopwa ni aliye hai.

Basi mbunifu anayetaka kumleta mumiani mezani atakuta kwamba vile vikosi vyenye makoti ya rangi, ambavyo ndivyo fahari ya mchezo, vimekwisha kubadilisha upande. Akiwaweka askari kuwa wawindaji, atakuwa amesimulia hadithi ya Ulaya kwa majina ya Kiswahili. Akiwaweka kuwa wanyonyadamu, atalazimika kujibu swali gumu: upande wa pili una zamu gani ya kucheza?

4.0 Hoja kinzani na madhara yake

Jibu la haraka ni kuwapa wanavijiji silaha. Kuna hoja nzito nyuma ya jibu hili. Mtu anaweza kusema kwamba hadithi ya mumiani ni hadithi ya wanyonge walionyimwa uwezo, na kwamba mchezo unaowapa uwezo wa kumsaka mwenye sare ni tendo la ukombozi. Anaweza hata kutoa ushahidi wa historia: mwaka 1947, hapa Mombasa, umati uliochochewa na uvumi wa mumiani ulikivamia kituo cha zimamoto. Je, umati huo haukuwa umekwisha kufanya uhamishaji tunaouzungumzia, ukaitoa hadithi kinywani na kuitia katika vitendo?

Tunaikubali hoja hii kwa kiasi. Uvamizi wa 1947 ulielekezwa kwenye jengo la mamlaka, na kwa maana hiyo ulikuwa mwaminifu kwa hadithi. Lakini tukio hilo si kielelezo cha kawaida. Aghalabu msako unapoanza haufiki kwenye jengo la mamlaka. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa huko Unguja na Pemba, aliyeuawa na umati mjini Zanzibar alikuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonyadamu ulipoenea kusini mwa Malawi katika wilaya za Mulanje na Phalombe, Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake huko, lakini waliouawa na makundi ya watu walikuwa wengi wao raia wa kawaida. Katika kaunti zinazotupakana, Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na msamiati wa kumwinda mwovu ndio uliotumika.

Hapa ndipo tofauti kati ya hadithi na msako inapoonekana. Hadithi ya mumiani huelekeza kidole juu, kwa mwenye gari, mwenye hospitali na mwenye amri. Msako huanguka chini, kwa mgeni, kwa mgonjwa na kwa mzee asiye na mtetezi, kwa kuwa hao ndio wanaofikika. Mchezo unaotoa ushindi kwa idadi ya wanyonyadamu waliouawa huichukua hofu ya hadithi na kuutupa uelekeo wake. Hatusemi kwamba anayecheza mezani atatoka na rungu. Tunasema kwamba kanuni ya ushindi ni maudhui, kama vile mwisho wa tamthilia ulivyo maudhui, na mhakiki hana budi kuisoma hivyo.

5.0 Bao, drafti na hatima ya anayeliwa

Kabla ya kupendekeza lolote, tuangalie michezo ya vita tuliyo nayo wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Wengi hulitazama kama mchezo wa hesabu, lakini msamiati wake wa kula na kuteka, na wa nyumba inayolindwa, ni wa vita. Sifa yake moja ina uzito mkubwa kwa mjadala wetu: kete inayoliwa haitoki ubaoni. Huchukuliwa na mlaji na kupandwa upande wake, ikaanza kumtumikia. Kete sitini na nne za mwanzo ndizo sitini na nne za mwisho. Kinachobadilika ni ziko kwa nani.

Drafti, ambayo vijana huicheza vibarazani kwa vifuniko vya soda, ina kanuni tofauti. Kete iliyoliwa huondolewa, na ubao huzidi kuwa mtupu kadiri mchezo unavyoendelea.

Tukizisoma kanuni hizi mbili kama masimulizi, tunapata matokeo ambayo huenda yasitarajiwe. Bao ndilo linaloifaa hadithi ya mnyonyadamu wa Ulaya, ambaye anayeumwa naye hugeuka na kuwa wake. Kula katika bao ni kuambukiza. Drafti ndiyo inayoifaa hadithi ya mumiani, ambayo ndani yake mtu huondolewa, asirudi kwa upande wowote, na pengo lake likabaki likionekana. Mbunifu anayedhani kwamba kutia bao katika mchezo wake kunatosha kuufanya wa Kiswahili atakuwa ameshika alama ya utamaduni na kuacha muundo wake.

Hata hivyo michezo hii yote miwili haiwezi kuibeba hofu peke yake, kwa sababu moja: kila kitu kiko wazi. Katika bao la mtaji kila mchezaji anaweza kuzihesabu kete za mwenzake, na watazamaji nao huzihesabu kwa sauti, wakashauri na kukosoa. Hofu ya mumiani haiwezi kukaa mahali ambapo baraza nzima inaona.

6.0 Pwani ya karne ya kumi na nane kama mandhari

Karne ya kumi na nane katika pwani yetu humvutia mbunifu wa michezo ya vita kwa sababu zilizo wazi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili. Wareno walirudi 1728 na kufukuzwa 1729. Katikati ya karne, Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliuawa kwa njama kutoka Oman, na ndugu yake Ali bin Uthman akaikomboa ngome. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, waliogawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na miongoni mwa hao Thelatha walikuwemo Wachangamwe, ambao jina lao liko bara hadi leo. Makupa palikuwa kivuko cha kuilinda kisiwa. Nyuma ya pwani walikuwako Mijikenda na makaya yao, waliofungamana na miji kwa mikataba na biashara. Vikosi, bendera, ngome na mashua: mbunifu hakosi kitu.

Tatizo linaanza anapoichora ramani. Mazoea ya michezo ya kutisha iliyotoka Ulaya ni kuweka ngome au mji katikati kuwa pahali pa usalama, na msitu pembezoni kuwa pahali pa viumbe. Mazoea hayo yakihamishwa kwetu, kisiwa na ngome yake vitakuwa nuru, na Likoni, Kisauni na Changamwe zitakuwa giza linalozaa wanyonyadamu. Mtu wa bara ya Mombasa ataisoma ramani hiyo kwa mshangao. Kwa aliyekaa ng'ambo, ngome ilikuwa mahali pa mizinga na vifungo, na hatari ilifika kwa bahari na kwa njia za misafara.

Wala hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Takwimu hiyo inapasa kukaa mbele ya kila anayetaka kuandika hadithi ya kutisha ya karne ya kumi na nane katika pwani hii. Karne moja baadaye, mwaka 1875, Frere Town ilianzishwa upande wa Kisauni kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Inasimuliwa kwamba kengele yake, ambayo jina la Kengeleni linatokana nayo, ilipigwa kuwaonya wakazi dhidi ya wateka-watu. Jamii iliyokuwa na kengele ya namna hiyo haikuhitaji kuelezwa maana ya mtu kutoweka usiku na mwili wake kuwa bidhaa.

Kwa mintarafu hii, kumweka mumiani mwenyewe katika mwaka 1750 ni kosa la wakati. Mumiani wa zimamoto na hospitali ni wa enzi ya ukoloni wa Waingereza. Kosa la wakati si dhambi katika sanaa, lakini lazima lijue linachokifanya. Likitumiwa kuonyesha kwamba hofu ya mumiani ina kumbukumbu ya utumwa nyuma yake, litakuwa tafsiri yenye thamani. Likitumiwa kuwafunika wateka-watu halisi kwa kiumbe cha kubuni, litakuwa ni kuifuta historia.

7.0 Mwamuzi, msimulizi na shaka

Je, hakuna uhamishaji unaowezekana? Tunaamini upo, na ufunguo wake uko katika mchezo wa von Reisswitz wa 1824. Katika mchezo huo wachezaji hawaoni kila kitu. Kila upande hutoa amri zake kwa mwamuzi, naye huwaonyesha yale tu ambayo askari wao wangeweza kuyaona. Mwamuzi anajua yote na husema kwa kipimo. Kwa istilahi zetu, mwamuzi huyo ni msimulizi, na wachezaji ni hadhira inayotenda.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya fantasia, alieleza kwamba fantasia hukaa katika kusita: msomaji hajui kama tukio lina sababu ya kimaumbile au la, na anapojua tu, fantasia huisha. *Fury of Dracula* haina kusita kwa namna hiyo, kwa kuwa Dracula yupo tangu mwanzo. Hadithi ya mumiani inaposimuliwa ina kusita huko kwa wingi. Msimulizi husema aliambiwa, au jirani aliona, na msikilizaji hucheka huku akifunga dirisha.

Mchezo unaoiheshimu simulizi hii ungekuwa na kanuni tatu. Ya kwanza: mwamuzi peke yake ndiye ajuaye kama usiku huo mumiani yupo, na katika baadhi ya michezo hayupo kabisa. Ya pili: watu hutoweka mezani kama kete za drafti, kwa sababu nyingi mbalimbali, na mchezaji haambiwi sababu. Amekwenda mjini kutafuta kazi, amekufa maji, ametekwa, au amechukuliwa na mwenye gari. Pengo ni lile lile. Ya tatu, nayo ndiyo nzito: anayemkamata na kumuua mtu asiye na hatia ameshindwa papo hapo, hata kama kijiji chake kimesalia chote.

Kanuni hizi zinaubadilisha mchezo. Mchezaji mwenye uwezo wa kuua analazimika kuvumilia kutojua. Njia yake ya kuokoa watu ni ile ile ya hadithi: kuwakusanya kabla ya jua kutua, kuwasindikiza, kuulizia aliyechelewa, kupeleka habari kutoka Mtongwe hadi kivukoni haraka kuliko uvumi unavyokwenda. Huenda mtu akalalamika kwamba mchezo wa kulinda hauna msisimko wa kushambulia. Malalamiko hayo hayana msingi mkubwa. Mabingwa wa bao wanajua kwamba kuna saa ya kuilinda nyumba na kujizuia kuila safari, na hakuna anayesema saa hiyo haina taharuki.

Lakini pendekezo letu lina udhaifu wake. Hadithi ya mumiani huelekeza kidole juu, na mchezo wa kulinda peke yake unaweza kukisahau kidole hicho. Wanakijiji wakishughulika na kuhesabu watu wao, mwenye sare anapita salama. Kwa hiyo mwamuzi naye anapaswa kubanwa na kanuni: mwisho wa mchezo alazimike kusoma kwa sauti orodha ya waliotoweka, na aseme kila mmoja alichukuliwa na nani, na damu, nguvu au fedha yake ilikwenda wapi. Hiyo ni ripoti ya Flückinger iliyogeuzwa. Mara hii wanaoorodheshwa ni walionyonywa, na anayechunguzwa ni mwenye daftari.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ndoa ya mnyonyadamu na askari wa karne ya kumi na nane si ya bahati nasibu, kwa kuwa mnyonyadamu wa Ulaya aliingia katika maandishi kwa mkono wa jeshi. Yameonyesha pia kwamba hadithi ya mumiani imejengwa kinyume: sare iko kwa mnyonyaji, mnyonywaji huondolewa bila ya kugeuzwa, na silaha haipo. Mhakiki anayepewa kazi iliyohamishwa kutoka hadithi kama hiyo hadi mchezoni hana budi kuzisoma kanuni zake kama anavyoisoma njama ya riwaya, na kuanza na kanuni ya ushindi.

Kazi iliyobaki ni ya utafiti wa nyanjani, na tunawahimiza wanafunzi wa uzamili waifanye. Wazee waliozisikia hadithi za mumiani katika miaka ya arobaini na hamsini wanazidi kupungua Likoni, Kisauni na Changamwe. Zilizokusanywa hadi sasa zimekusanywa zaidi na wanahistoria na wanaanthropolojia, waliotaka kujua nini kilisemwa. Sisi tunahitaji kujua pia zilisimuliwa vipi: nani alianza, wapi msimulizi alinyamaza, hadhira ilicheka wapi, na watoto waliagizwa kufanya nini hadithi ilipokwisha. Bila ya hayo, yeyote atakayeihamisha hadithi hii, iwe jukwaani, kwenye filamu au mezani, ataendelea kuazima kanuni za Dracula na kuzipa jina la mumiani.